Shujaa wa Pointi 27

Mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons ulitolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wakati huo dadu tatu zilirushwa kwa kila sifa ya shujaa, mchezaji akaridhika na alichojaliwa. Kanuni za mwaka 2014 zinamruhusu kujigawia pointi 27. Ndipo werevu walipouona mwanya: nguvu, wepesi na siha huzipandisha hadi 15, akili, busara na haiba huziacha kwenye 8. Shujaa huyo ni simba vitani, lakini mlinzi wa lango akimwuliza neno huduwaa, na wenzake ndio wanaolipia. Hatuwalaumu wapiga hesabu. Lawama ni ya msimamizi wa mchezo ambaye, kila kikao, haleti mezani ila vita.