Hewa, Fedha na Shaba: Manhattan ya Stieglitz

Mwaka 1910 Alfred Stieglitz alipiga picha ya Manhattan akiwa upande wa majini, akaiita "The City of Ambition". Chini maji yanameremeta. Majengo yamesimama meusi tii, na juu ya mapaa mvuke mweupe unapepea. Miaka miwili kabla ya hapo, jumba la Singer lenye urefu wa mita 187 lilikuwa limekamilika jijini humo.

Weupe wa mvuke huo una sababu yake. Kamera ililikabili jua, kwa hiyo majengo yalionyesha upande wake wa kivuli. Matone ya mvuke ni tofauti. Kwa kuwa ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga, huusukuma mwanga mwingi mbele, kule kule ulikokuwa ukielekea, yaani kwenye lenzi. Mpiga picha aliyelipa jua mgongo asingeupata mng'ao huo.

Kemia nayo ilichangia. Sahani za kioo za enzi hizo zilipakwa jelatini yenye bromidi ya fedha, ambayo kwa asili huhisi buluu na zambarau tu. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel, huko Berlin, aligundua kwamba ikitiwa rangi fulani huhisi kijani pia, lakini kwenye sahani nyingi, rangi nyekundu iliendelea kutoka nyeusi. Hewa, kwa upande wake, hutawanya buluu zaidi kuliko nyekundu. Matokeo yake, sahani ilinasa utando wa hewa zaidi kuliko jicho linavyouona, na ghorofa la mbali likazidi kufifia.

Husemwa kuwa wapiga picha wa enzi hizo waliwaiga wachoraji. Kwa kiasi ni kweli: mpiga picha Alvin Langdon Coburn, kwa mfano, alizipenda lenzi zinazolainisha picha. Hata hivyo, naamini hewa ya bandari inastahili sifa kubwa kuliko inayopewa.

Coburn alichapa picha 20 za kitabu chake "New York" (1910) kwa mabamba ya shaba. Bamba hufunikwa kwa jelatini iliyotiwa dikromati, ambayo hukazwa na mwanga unaopita kwenye picha. Pale isipokazwa, kloridi ya chuma hupenya na kuila shaba. Penye kivuli shimo huwa refu zaidi, likabeba wino mwingi. Stieglitz naye alichapa hivyo katika jarida lake, "Camera Work". Kwa hiyo anayezitazama picha hizi kwenye simu pekee bado hajauona weusi wake: ni wino mzito uliozama katika karatasi.