NDEGE ILIYOPITA JUU YA KUDA HUVADHOO



Asubuhi ya tarehe 8 Machi 2014, yapata saa kumi na mbili na robo, watu wa kisiwa kidogo kiitwacho Kuda Huvadhoo walisikia mngurumo mkubwa juu ya vichwa vyao. Walioinua macho waliona ndege ya abiria ikipita chini mno. Kisiwa hicho ni miongoni mwa visiwa vya Maldives, vilivyomo katika Bahari ya Hindi upande wa kusini-magharibi ya Bara Hindi. Walioshuhudia walieleza kwamba ndege ilikuwa nyeupe, yenye mistari myekundu; kwamba ilitoka kaskazini kuelekea kusini-mashariki; na kwamba ilipita karibu kiasi cha milango yake kuonekana wazi. Ndege ndogo zinazotua majini walikuwa wameziona mara nyingi, lakini hiyo walisema ni kubwa kuliko zote walizopata kuziona zikipita hapo.

Usiku wa kuamkia asubuhi hiyo, ndege ya Malaysia Airlines, safari namba MH370, ilikuwa imepotea. Ilikuwa ni Boeing 777, nayo iliondoka Kuala Lumpur saa sita na dakika 42 usiku kwenda Beijing ikiwa na watu 239, yaani abiria 227 na wahudumu 12. Ndege za shirika hilo zilikuwa nyeupe, zenye mstari mwekundu na wa buluu ubavuni. Kwa hiyo gazeti moja la Maldives lilipochapisha habari ya wanakisiwa, siku kumi baada ya ndege kutoweka, dunia nzima ilisimamisha masikio. Jamaa za abiria, ambao walikuwa hawajapata mahali pa kuelekeza hata maombolezo yao, walipata mahali pa kutazama kwenye ramani.

Katika maelezo yetu ya leo tunataka kuchunguza jinsi ushahidi huo ulivyopimwa, na ndege ile ilikuwa ipi. Jambo hili linatuhusu hata sisi tulio mbali na bahari. Uganda inayo visiwa vingi katika Ziwa Victoria, na ndege zinazotua Entebbe kutoka upande wa kusini hupita juu ya maji. Ikitokea ajali, shahidi wa kwanza huenda akawa mvuvi aliye katika mtumbwi wake.

Ni lazima kwanza tuwape wanakisiwa haki yao. Hawakuwa watu wa kutunga hadithi. Waliosema walikuwa wengi, nao walikubaliana katika mambo makubwa: saa, mwelekeo, na kwamba ndege ilikuwa chini. Waswahili husema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hapana shaka kwamba ndege ilipita. Lililobaki kujulikana lilikuwa jina lake.

Jeshi la Ulinzi la Maldives lilisema kwamba rada zake hazikuona ndege kama hiyo. Tarehe 19 Machi serikali ya Malaysia nayo ilitangaza kwamba habari hizo zilichunguzwa na kuonekana si za kweli. Matangazo hayo hayakuwaridhisha watu wengi, kwa sababu yalikanusha bila kueleza. Mtu aliyeona kitu kwa macho yake, akaambiwa kwamba hakuona kitu, huondoka akiamini kwamba anafichwa. Njia bora ingalikuwa kukubali kwamba ameona, kisha kumsaidia kutambua alichokiona.

Na tuanze na saa. Wakati wa Kuala Lumpur unatangulia ule wa Maldives kwa saa tatu. Basi ndege ilipopita juu ya Kuda Huvadhoo, huko Kuala Lumpur ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. MH370 ilikuwa imekwisha kuondoka kwa zaidi ya saa nane na nusu, ilhali mafuta iliyopakia yalitosha kuruka kwa muda wa saa saba na nusu hivi. Hesabu hiyo peke yake inatia mashaka makubwa.

Shahidi wa pili ni setilaiti. Rubani alisikika kwa mara ya mwisho saa saba na dakika 19 usiku, na rada ya kijeshi ya Malaysia iliiona ndege mara ya mwisho saa nane na dakika 22. Lakini chombo kimoja ndani ya ndege kiliendelea kujibu salamu za setilaiti ya kampuni ya Inmarsat, takriban mara moja kila saa. Salamu hizo hazikuwa na maneno wala hazikutaja mahali. Hata hivyo ziliacha alama moja yenye thamani: muda ambao ishara ilitumia kusafiri kutoka ndege hadi setilaiti na kufika ardhini. Kwa kuwa ishara za redio husafiri kwa mwendo unaojulikana, muda huo hugeuzwa kuwa umbali. Wataalamu walichora duara juu ya ramani, wakajua kwamba ndege ilikuwa mahali fulani juu ya mstari wa duara hilo.

Setilaiti yenyewe ilikuwa juu ya Bahari ya Hindi, karibu na mstari wa Ikweta, na visiwa vya Maldives haviko mbali sana na mahali palipo chini yake. Ndege iliyo karibu na Maldives ingaliacha alama ya umbali mfupi. Ishara ya mwisho, ya saa mbili na dakika 19 asubuhi kwa wakati wa Kuala Lumpur, ilionyesha umbali mrefu. Iliiweka ndege juu ya duara ambalo upande wake wa kusini hupita katika bahari iliyo magharibi ya Australia. Kutoka mahali popote katika duara hilo hadi Maldives ni zaidi ya kilomita 3,000. Wakati huo Maldives ilikuwa saa kumi na moja na dakika 19 alfajiri, na wanakisiwa waliona ndege yao dakika 56 baadaye. Ndege ya namna ile huenda kilomita 900 hivi kwa saa moja. Isingaliweza kufika, hata kama ingalikuwa na mafuta.

Basi ndege iliyoonekana ilikuwa ipi? Waandishi wa habari waliofuatilia jambo hilo baadaye walipekua safari za ndani za nchi hiyo, wakapata ndege ya shirika la Maldivian, aina ya Dash 8, iliyokuwa ikielekea Thimarafushi, uwanja ulio kusini ya Kuda Huvadhoo. Kwa maelezo yao, ilitua huko muda mfupi baada ya saa kumi na mbili unusu asubuhi. Ndege inayokaribia kutua imekwisha kuanza kushuka. Saa inalingana, mwelekeo unakaribiana, na sababu ya kuwa chini inaeleweka. Tena uwanja huo ulikuwa umefunguliwa mwaka 2013, miezi michache tu kabla ya hapo, na huenda wanakisiwa walikuwa hawajazoea njia hiyo mpya ya angani.

Msikilizaji atauliza: vipi mtu aifananishe ndege ndogo ya panga mbili na Boeing 777? Jibu limo katika tabia ya jicho. Dash 8 haifiki urefu wa mita 26, na Boeing 777 ya aina iliyopotea ina karibu mita 64. Lakini angani hakuna mti wala nyumba ya kulinganisha. Ndege ya mita 26 iliyo umbali wa mita 400 hulijaza jicho sawasawa na ndege ya mita 64 iliyo umbali wa karibu kilomita moja. Na mtu aliyezoea ndege ndogo za majini, zisizofika hata mita 16, akiona Dash 8 juu ya paa lake, husema kwa haki kwamba ameona ndege kubwa.

Rangi nayo ni shahidi dhaifu. Ndege za Maldivian pia ni nyeupe, zenye wekundu na buluu. Saa hiyo jua lilikuwa ndilo linachomoza, na nuru ya macheo huweza kuvipaka wekundu vitu vyeupe. Lililo zito zaidi ni kwamba maelezo yalichapishwa baada ya siku kumi, na katika siku hizo picha za ndege iliyopotea zilikuwa zimeonyeshwa duniani kote. Kumbukumbu ya binadamu haifanani na picha iliyofungiwa sandukuni. Kila inapotolewa huongezewa kidogo na yale yaliyosikika baadaye, na mwenyewe hana habari.

Tusije tukafikiri, hata hivyo, kwamba ushahidi wa macho hauna faida. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 767, iliyotekwa nyara ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, iliishiwa mafuta karibu na Ngazija katika visiwa vya Komoro. Ilianguka baharini mbele ya hoteli iliyokuwa ufukweni, umbali wa mita 500 hivi. Watu waliokuwa pwani waliiona ikishuka, na mtalii mmoja akaipiga picha za video. Wenyeji na wageni waliingia majini mara moja. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 50 waliokoka. Vivyo hivyo, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi walikuwa wa kwanza kufika. Watu 19 walifariki na 24 waliokolewa. Katika ajali za namna hiyo jicho la mwanakisiwa na mvuvi hushinda rada, kwa kuwa lipo karibu, na mikono yake ipo karibu pia.

Hata kuhusu MH370 yenyewe, watu wa visiwa ndio waliotoa ushahidi ulioshikika. Tarehe 29 Julai 2015 kipande cha bawa kiliokotwa ufukweni mwa kisiwa cha Réunion. Mwezi wa Juni 2016 kipande kingine, sehemu ya bawa ambayo hushushwa wakati wa kutua, kilipatikana kisiwani Pemba, nchini Tanzania. Kilipelekwa Australia, na mwezi wa Septemba mwaka huo wachunguzi wakathibitisha, kwa namba na alama za kiwanda zilizokuwa ndani yake, kwamba ni cha ndege ile ile. Ripoti ya mwaka 2018 ya wachunguzi wa Malaysia ilihesabu vipande vitatu vilivyothibitishwa bila shaka, na cha Pemba ni kimoja wao. Mikondo ya bahari ilivichukua kutoka mashariki hadi pwani zetu za Afrika. Kipande cha Pemba kilisaidia hata zaidi: wachunguzi wa Australia walieleza kwamba, kwa kadiri kubwa, sehemu hiyo ilikuwa haikushushwa wakati bawa lilipovunjika. Maana yake ni kwamba ndege haikuwa imeandaliwa kutua.

Tofauti ya Kuda Huvadhoo na Pemba ndiyo inayotufundisha. Kule watu walikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu huhitaji kupimwa kwa saa na kwa hesabu. Huku walikuwa na kitu mkononi, na kitu hakibadiliki kwa kusikiliza redio.

Kwa hiyo ziko kanuni ambazo mpelelezi, ofisa wa kisiwa na hata mwandishi wa habari yafaa azishike. Shahidi aulizwe mapema, tena peke yake, kabla hajasikia wengine wamesema nini. Aulizwe saa kwa kuifungamanisha na kazi yake: ilikuwa kabla ya sala au baada yake, watoto walikuwa wamekwisha kwenda shule, nyavu zilikuwa majini au mtumbwini? Asimame pale pale aliposimama, aonyeshe kwa mkono ndege ilitokea juu ya mti upi na kutoweka juu ya kilima kipi. Aulizwe kuhusu sauti. Ukubwa asiutaje kwa mita; anyooshe mkono aseme kama ndege ilizibwa kwa kidole kimoja au kwa ngumi. Rangi iwe ya mwisho. Na jina la ndege asitajiwe kamwe na anayeuliza.

Nasi wenye vipaza sauti tunao wajibu wetu. Utafutaji wa kwanza chini ya bahari ulimaliza eneo la kilomita za mraba 120,000 kabla ya kusitishwa Januari 2017. Mwaka 2018 kampuni ya Ocean Infinity ilitafuta eneo lingine kubwa bila kupata kitu, na Machi 2025 Malaysia ikatia saini nayo mkataba mpya, kwa sharti kwamba isipopata haitalipwa. Katika miaka yote hiyo, kila uvumi uliotangazwa bila kupimwa uliwarudisha jamaa za watu 239 kwenye simu zao, wakitumaini upya, na kuzika tumaini upya.

Mvuvi wa Kalangala au wa Buvuma atakayeona siku moja ndege ikishuka vibaya juu ya ziwa, na atazame saa, akumbuke ilipoelekea, akatoe habari upesi. Wanaopokea habari hiyo wasimcheke, wala wasimwongezee neno. Wamsikilize, kisha wapime.