Injini Yenye Tabo: Nguvu Zake Hutoka Wapi, na Huharibikaje?

Katika barabara zetu husikika mara kwa mara ngurumo ya magari ya michezo yaliyoletwa kutoka Japani baada ya kutumika huko. Mashuhuri miongoni mwao ni Subaru Impreza ya aina ya WRX, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1992. Injini yake ilikuwa ndogo, yenye ujazo wa lita 2 tu. Hata hivyo ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 240, karibu mara mbili ya injini za kawaida za ujazo huo za wakati ule. Juu ya hayo, wengi wa wenye magari hayo hawatosheki. Huwaendea mafundi wakitaka bomba pana la moshi na hesabu mpya katika kompyuta ya injini. Baadhi yao hupata walichokitaka, na magari yao hudumu. Wengine, baada ya muda mfupi, magari yao huvutwa kwa kamba hadi gereji, pistoni zikiwa zimetoboka. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini kazi ile ile huleta matokeo yanayotofautiana kiasi hicho.

Injini hula hewa

Watu husema kwamba gari linakula petroli. Kwa kweli chakula kikubwa cha injini ni hewa. Ili gramu 1 ya petroli iungue kikamilifu huhitajika takriban gramu 14.7 za hewa. Injini ya lita 2 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta hewa kiasi cha lita 6,000 katika dakika hiyo, iwapo silinda zake zinajaa barabara. Katika joto la pwani hewa hiyo ina uzito wa karibu kilo 7. Kumwaga petroli zaidi si jambo gumu. Jambo gumu ni kuipatia petroli hiyo hewa ya kuiunguza. Kwa hiyo anayetaka nguvu zaidi bila kuongeza ukubwa wa injini hana budi kuishindilia hewa ndani ya silinda.

Hiyo ndiyo kazi ya tabo. Katika injini ya petroli, takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta hutoka na moshi bila kufanya kazi yoyote. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliliona jambo hilo mapema, na mwaka 1905 aliomba hataza ya mtambo wa kuitumia nishati hiyo. Tabo ina magurudumu mawili yenye mapanga, yaliyofungwa katika ncha mbili za mhimili mmoja. Moshi hulisukuma gurudumu la kwanza. La pili, likizunguka pamoja nalo, huvuta hewa safi na kuishindilia kwenye injini. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na moshi unaoupiga huweza kuwa na joto linalozidi nyuzi 900 za Selsiasi injini inapofanya kazi nzito.

Gurudumu hilo lingeachwa lijiendee, kanieneo la hewa lingepanda hadi injini ipasuke. Kwa sababu hiyo kuna vali ya kuchepusha moshi. Kanieneo likifika kiasi kilichowekwa, vali hufunguka, na sehemu ya moshi hupita kando bila kuligusa gurudumu.

Joto, adui wa ndani

Kila aliyewahi kujaza upepo kwenye tairi la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto. Hewa inayoshindiliwa hupanda joto, na tabo haiepuki kanuni hiyo. Tuseme hewa ya nje ina nyuzi 30, na tabo inaishindilia hadi kanieneo lake liwe mara mbili. Ikiwa ufanisi wa tabo ni asilimia 70, hewa hiyo itatoka ikiwa na nyuzi 125 hivi. Ndiyo maana magari ya namna hii hufungwa kipoza hewa, mfano wa rejeta, kati ya tabo na injini.

Joto hilo lina hatari kubwa kuliko kupunguza uzito wa hewa. Katika injini iliyo salama, cheche ya plagi huwasha mchanganyiko, na moto husambaa kwa utaratibu kutoka upande mmoja wa silinda hadi mwingine. Joto na kanieneo vikizidi, mchanganyiko ambao bado haujafikiwa na moto huwaka wenyewe kwa ghafla. Mawimbi ya mlipuko huo hupiga pistoni na kuta za silinda. Mafundi husema injini “inagonga”, na neno hilo ni sahihi kabisa. Injini ikigonga kidogo huvumilia. Ikigonga kwa dakika chache chini ya mzigo mkubwa, kingo za pistoni huvunjika au pistoni huyeyuka na kutoboka.

Kompyuta na majedwali yake

Katika injini hizi, kiasi cha petroli na wakati wa cheche huamuliwa na kompyuta. Hiyo hupokea taarifa kutoka kwenye vihisio, ambavyo mafundi huviita sensa: kimoja hupima hewa inayoingia, kingine kanieneo, kingine mwendo wa injini, kingine oksijeni iliyobaki katika moshi, na kingine husikiliza mtikisiko wa kugonga. Ndani ya kumbukumbu yake mna majedwali ya namba. Kompyuta hutazama mwendo wa injini na mzigo wake, husoma namba iliyopo pale mistari miwili inapokutana, kisha hutoa amri.

Kasi ya kazi hiyo ni ya kustaajabisha. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, mhimili wake mkuu hupita digrii 36,000 katika sekunde moja. Cheche ikiwahi kwa digrii 3 au 4 tu kuliko inavyopasa, injini iliyokuwa tulivu huweza kuanza kugonga.

Kurekebisha injini kwa njia ya kompyuta maana yake ni kubadilisha namba hizo: kuruhusu kanieneo kubwa zaidi, kuwahisha cheche, na kupunguza petroli ya ziada. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kudhani kwamba kiwanda kiliziweka namba hizo chini kwa uzembe. Si hivyo. Mtengenezaji hajui gari litauzwa wapi wala litaendeshwa na nani. Huacha akiba ya usalama kwa ajili ya petroli duni, siku ya joto kali, mlima mrefu na plagi zilizochakaa. Tabo inapofanya kazi nzito, injini hupewa gramu 1 ya petroli kwa kila gramu 11 au 12 za hewa, ingawa 14.7 zingetosha, kwa sababu petroli ya ziada hupoza silinda. Fundi anayeongeza nguvu huitumia sehemu ya akiba hiyo. Swali ni kama amepima kiasi alichobakiza.

Bomba la moshi

Gurudumu la moshi huzungushwa na tofauti ya kanieneo kati ya upande wa mbele na wa nyuma yake. Bomba la nyuma likiwa pana, lenye kona chache na sailensa isiyobana, kanieneo la nyuma hupungua, tofauti huongezeka, na tabo huamka mapema zaidi. Kwa hiyo faida ya bomba pana katika gari lenye tabo ni ya kweli, na ni kubwa kuliko katika gari lisilo nayo.

Lakini faida hiyo ina deni lake. Moshi ukipita kwa wepesi, vali ya kuchepusha huenda isitoshe, na kanieneo hupanda kupita kiasi kilichowekwa. Hewa huongezeka, na majedwali ya zamani hayakuandikwa kwa hewa hiyo. Kwa hiyo anayebadilisha bomba bila kupima upya petroli na cheche amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo ya hatari.

Sauti nayo isimdanganye mtu. Mngurumo unaopendwa wa Impreza nyingi za zamani hutokana na mabomba ya moshi ya urefu usiolingana kutoka silinda hadi tabo, hivyo mapigo ya moshi hufika kwa kupishana bila usawa. Yakifungwa mabomba yenye urefu sawa, mapigo hufika kwa mpangilio na tabo huweza kufaidika; mngurumo ule hutoweka.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya

Tuchukue gari lililorekebishwa Dar es Salaam ili kompyuta yake ishikilie milibari 2,000 katika injini. Pwani, kanieneo la hewa ni milibari 1,010 hivi; tabo huongeza karibu mara mbili. Gari hilo hilo likifika Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hukuta hewa yenye milibari 830 hivi. Injini isiyo na tabo hupoteza hapo karibu asilimia 18 ya nguvu zake. Yenye tabo huweza kuzihifadhi. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1918, wakati Mmarekani Sanford Moss alipoijaribu injini ya ndege yenye tabo juu ya mlima Pikes Peak wenye urefu wa zaidi ya mita 4,300.

Hata hivyo, ili kufikia milibari zile zile 2,000, tabo lazima sasa ishindilie hewa mara 2.4. Gurudumu huzunguka kwa kasi zaidi, na hata kama hewa ya Mbeya ina nyuzi 25 tu, hutoka ikiwa na nyuzi 145 hivi. Dereva haoni tofauti yoyote, kwa kuwa gari linavuta kama kawaida, lakini akiba yake imepungua.

Petroli nayo ina neno lake. Kipimo cha okteni huonyesha uwezo wa petroli wa kustahimili kugonga. Magari ya michezo ya Japani yaliandaliwa kwa petroli bora ya huko, ambayo kwa kawaida ina okteni ya karibu 100. Petroli ya vituo vyetu mara nyingi huwa chini ya hapo. Majedwali yaliyoandikwa na fundi wa ng’ambo kwa petroli ya ng’ambo yakinakiliwa katika gari lililopo hapa, injini huweza kugonga tangu siku ya kwanza.

Jambo jingine ni moshi wenyewe. Wengi huondoa kichuja moshi, kile ambacho mafundi huita masega, ili kupunguza kizuizi. Ndani yake mna tabaka jembamba la madini ya platini, paladi au rodi, ambayo hugeuza gesi za sumu kuwa gesi zisizo na madhara makubwa kwa mapafu. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuuza petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, na risasi ndiyo iliyokuwa ikiyaua masega. Kuyang’oa leo ni kuitupa faida hiyo, nao wanaoishi kando ya barabara ndio watakaoivuta hasara.

Funzo la mashindano

Wapenzi wa Impreza hukumbuka ushindi wake katika mashindano ya Safari nchini Kenya: Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Yafaa wakumbuke pia kwamba magari yale yalilazimishwa kuvuta hewa yote kupitia tundu lenye kipenyo cha milimita 34, hata nguvu zake zikawa kiasi cha farasi 300 tu. Walishinda kwa injini zilizopimwa kwa makini na kustahimili vumbi, joto na miinuko.

Kwa anayekusudia kulirekebisha gari lake, utaratibu ni huu. Kwanza, afya ya injini ipimwe: mbano wa silinda zote, oili, plagi na mipira ya hewa. Pili, sehemu zote zifungwe kabla ya kuigusa kompyuta. Tatu, majedwali yaandikwe gari likiwa juu ya mashine ya kupimia nguvu, kwa petroli ile ile litakayotumia, fundi akifuatilia mchanganyiko wa hewa na petroli na dalili za kugonga. Nne, gari lijaribiwe tena katika mwinuko litakakosafiri. Fundi asiye na vipimo hivyo, hata awe hodari namna gani, anakisia; na gharama ya kukisia hulipwa na mwenye gari.