Mkulima wa Kikoneni Katika Bunge la Kaunti

Mkulima wa Kikoneni anapogombea uwakilishi wadi, shamba lake ndilo linalomnadi. Ana mikorosho, minazi na michungwa, na anajua uchungu wa kumngoja dalali anayefika na bei aliyokwisha kuipanga. Wazee humwamini kwa kuwa wamemwona akilima.

Akishinda wadi ya Pongwe/Kikoneni, huketi katika bunge la kaunti ya Kwale pamoja na wawakilishi wa wadi nyingine 19. Katiba ya Kenya ya 2010 inawapa uwezo wa kweli, kwani kilimo, ufugaji na vyama vya ushirika ni kazi za kaunti. Mbegu, miche na maafisa wa ugani hutegemea bajeti wanayoipitisha.

Ila madonda makubwa ya wakulima yako nje ya mamlaka yake. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Ardhi yake ilipokodishwa kwa kampuni ya sukari ya KISCOL mwaka 2007, kaunti haikuwepo bado. Madini ya Mlima Mrima, niobiamu na mengine adimu, yamo mikononi mwa serikali ya taifa. Hata leseni ya kampuni ya uchimbaji madini ya Cortec ilipofutwa mwaka 2013, uamuzi ulitoka kwa waziri. Marufuku ya kuuza nje korosho ghafi, ya mwaka 2009, ilitoka huko huko Nairobi. Hatimiliki nazo hutolewa na wizara ya ardhi.

Basi aliyechaguliwa kwa kilio cha ardhi na bei huishia kupimwa kwa basari, michango ya matanga na harambee. Naona hapo mkulima amedhulumiwa mara mbili: kilio chake hakina pa kufikia, na kile ambacho mjumbe wake angeweza kukitenda hakuna anayemdai.

Kipo cha kumdai. Chama cha ushirika chenye ghala na mizani yake kinaweza kuuza korosho kwa pamoja, dalali asimkute kila mtu peke yake na gunia lake. Halafu kuna kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, wakati mahindi ya masika yamekwisha kupandwa tangu Machi na Aprili. Fedha za mbegu za masika yajayo zikikwama kwenye zabuni hadi mvua ianze, msimu umekwenda. Mjumbe aliyewahi kushika jembe analijua hilo bila kuelezwa na mtaalamu, na ndiye anayepaswa kusimama bungeni Kwale kudai mbegu zinunuliwe kabla ya Februari.