Je, Ubongo Hutuamulia?

Mwaka 1983 Benjamin Libet wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, alichapisha jaribio ambalo hadi leo hutajwa kila unapozuka ubishi kuhusu utashi huru. Washiriki walitazama saa yenye nukta ya mwanga iliyozunguka mara moja kila baada ya sekunde mbili na nusu hivi. Waliambiwa wakunje mkono wakati wowote wakijisikia, kisha waseme nukta ilikuwa wapi hamu ya kukunja ilipowajia. Vipimo vya umeme wa ubongo vilionyesha maandalizi yakianza takribani milisekunde 550 kabla ya mkono kusogea, ilhali hamu yenyewe waliihisi milisekunde 200 hivi kabla. Kwa theluthi nzima ya sekunde ubongo ulikuwa umeshaanza kazi na mwenyewe hana habari. Libet mwenyewe aliamini kwamba mtu bado ana nafasi ya kuizuia hamu hiyo dakika ya mwisho, lakini wengine walikwenda mbali zaidi wakasema kuamua ni kiinimacho. Wakiwa sahihi, basi lawama, shukrani, toba na hukumu za mahakama zote zinakosa msingi. Naamini wamekosea, na kosa linaanzia kwenye kile kilichopimwa.

Washiriki wale hawakuwa na sababu yoyote ya kukunja mkono sasa badala ya baadaye, na waliagizwa wasipange mapema. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walieleza kwamba umeme wa ubongo hupanda na kushuka wenyewe muda wote, na pasipo sababu ya kuchagua, mkono husogea pale mawimbi hayo yanapogusa kiwango fulani. Ukichukua wastani wa marudio mengi, ukihesabu kurudi nyuma kuanzia mkono uliposogea, utaona mpando hata kama hakuna uamuzi uliokwisha kupitishwa. Mwaka 2019 Uri Maoz na wenzake wakapima uamuzi wenye uzito. Washiriki walichagua kati ya mashirika mawili ya hisani: mara nyingine chaguo lao liliamua nani apate dola 1,000, mara nyingine mashirika yote mawili yangepata sawa. Pale ambapo chaguo halikubadili kitu, ishara ya Libet ilijitokeza kama ilivyotarajiwa. Pale lilipoamua fedha ziende wapi, haikuonekana. Haifai basi kuchukua mkunjo wa mkono usio na maana yoyote na kuutumia kumhukumu mtu anayepima wapi apeleke msaada.

Hoja ngumu zaidi haihitaji mashine. Mwanafalsafa Mwingereza Galen Strawson anasema hutendi ila kwa jinsi ulivyo, na hakuna aliyejiumba alivyo. Hivyo hakuna anayewajibika hadi mwisho. Nakubali kwamba tabia zetu zina chimbuko tusilolichagua. Lakini mwanafalsafa David Hume alishaonyesha mwaka 1748 kwamba kinyume cha uhuru ni kulazimishwa, si kuwa na sababu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, twasema, na twamwambia mlezi ili abadili malezi yake. Kuonya, kushawishi na kuomba msamaha ni sababu pia, ila hupitia katika uwezo wa mtu wa kusikia hoja na kugeuka. Uwezo huo ndio uhuru ninaoutetea, nao waweza kuharibika. Charles Whitman, aliyewapiga watu risasi kutoka mnara wa Chuo Kikuu cha Texas tarehe 1 Agosti 1966, aliacha barua akiomba mwili wake uchunguzwe baada ya kifo, na uvimbe ukakutwa kwenye ubongo. Wataalamu hawakuweza kuthibitisha kwamba ndio uliomsukuma. Hata hivyo swali lao lilikuwa la haki: je, uvimbe ule ulimnyima nguvu ya kujizuia? Lau kila chenye sababu kingekuwa shuruti, lisingekuwapo swali la kuuliza, maana aliyeugua na aliyepanga kwa akili timamu wangekuwa sawa.

Kuna kitu kimoja ambacho Strawson anatunyang'anya, nami nakiachia bila kinyongo: imani kwamba mkosaji anastahili kuteswa kwa ajili ya mateso yenyewe, hata kama hakuna atakayelindwa wala kurekebika. Kuwajibika kwa kadiri ya uwezo wa kusikia hoja kunatosha kumtaka mtu ajieleze, alipe alichoharibu na azuiwe asirudie. Hakutoshi kuhalalisha kisasi.