UFAFANUZI: KAMPUNI YA NCHI NYINGI INAPOHAMIA MFUMO MMOJA WA MAWASILIANO

Kampuni kubwa zenye matawi katika mabara kadhaa zimekuwa, kwa kipindi cha miaka ishirini hivi, zikiachana na mitambo ya simu ya kila ofisi na kuhamia katika mfumo mmoja, ambapo simu, mikutano ya sauti na picha, ujumbe wa maandishi na khabari za nani yupo kazini na nani hayupo vyote hupita katika njia moja. Mwezi wa Machi 2020 Microsoft ilitangaza kuwa Accenture pekee ilikuwa na wafanyakazi 440,000 wanaotumia mfumo wake wa Teams. Kwa kuwa zipo hoteli, benki na mashirika ya nje yanayofanya kazi nchini, imeonekana vyema kueleza jambo hili lilivyo, na khasa pale penye hatari, kwani wauzaji wa mifumo hiyo hupenda zaidi kusifu unafuu wake.

Katika utaratibu wa zamani kila jengo lilikuwa na mtambo wake mdogo wa simu, swichibodi yake, fundi wake na mkataba wake na shirika la simu la nchi ile. Katika utaratibu mpya sauti hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kikabandikwa anuani ya kule kiendako, kisha vikapelekwa pamoja na barua pepe na nyaraka nyengine katika waya ule ule wa kompyuta. Mwisho wa safari vipande hupangwa upya vikawa sauti. Mfanyakazi huwa na nambari moja inayomfuata, awe Mumbai au London, mezani au katika simu ya mkononi.

Barua ikichelewa sekunde mbili hapana atakayejua. Sauti ikichelewa hata nusu ya sekunde, wazungumzaji huanza kukatizana maneno. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, yaani ITU, unapendekeza sauti isizidi milisekunde 150 kwa safari ya upande mmoja. Hapo ndipo Afrika ya Mashariki ilipokuwa imekwama. Setilaiti za mawasiliano tulizozitegemea ziko kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, na sauti kupanda na kushuka hutumia karibu milisekunde 240 kabla ya mitambo kuongeza ucheleweshaji wake. Mpaka mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika pwani yetu Julai 2009, tawi la huku lilikuwa vigumu kuunganishwa na makao makuu ya Ulaya kwa mfumo wa aina hii na watu wakazungumza kwa raha.

Kuhama kwenyewe huanza na hesabu. Kuhesabu simu za mezani ni kazi nyepesi. Kinachosumbua ni vile vitu ambavyo hapana aliyekumbuka kuwa vinatumia laini ya simu: kengele ya moto, simu ya dharura ndani ya lifti, faksi ya idara ya sheria, mashine ya kadi za malipo, kengele ya wezi ya ghala. Uingereza inatoa mfano wa wazi. Mtandao wake wa zamani wa nyaya za shaba ulipangwa kufungwa mwezi wa Disemba 2025. Lakini ilipofika Disemba 2023, kampuni za simu zilikubali kusitisha kuwahamisha wateja kwa lazima, baada ya kutokea matukio mazito ya watu, wakiwemo wazee, ambao vifaa vyao vya kuitia msaada vilishindwa kufanya kazi walipovihitaji. Tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi Januari 2027.

Sababu nyengine ni umeme. Simu ya zamani ya waya ilipata umeme wake kutoka katika mtambo mkuu wa shirika la simu, hivyo taa zikizimika simu iliendelea kulia. Simu ya mfumo mpya hufa pamoja na taa, isipokuwa kuna betri au jenereta. Sisi wa Unguja, tuliokaa gizani kiasi cha mwezi mzima mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Lililo zito kuliko yote ni simu ya dharura. Mwezi wa Disemba 2013, katika hoteli moja ya mji wa Marshall, jimbo la Texas, mtoto wa miaka tisa alipiga 911 mara nne huku mama yake akishambuliwa chumbani. Simu haikutoka hata mara moja, kwa kuwa mtambo wa hoteli ulitaka ibonyezwe 9 kwanza ili kupata laini ya nje, na mtoto hakufundishwa hivyo. Mama yule, Kari Hunt, alifariki. Kutokana na tukio hilo Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake, ikatiwa saini Februari 2018, na tangu Februari 2020 mitambo mipya ya simu za ofisi na hoteli inatakiwa kuruhusu 911 moja kwa moja bila ya kitangulizi, na kumjulisha mtu wa mapokezi kwamba simu hiyo imepigwa. Sheria nyengine ikataka simu ipeleke pia mahali hasa alipo mpigaji, pamoja na ghorofa na chumba.

Katika kampuni ya nchi nyingi tatizo hili huongezeka. Mfanyakazi aliyeko nyumbani New Jersey, ambaye simu yake inatokea katika mtambo wa London, akipiga simu ya dharura, gari la wagonjwa liende wapi? Mhandisi asiyekuwa na jibu la swali hilo kwa kila nchi, iwe ni ya 911, 999 au 112, hajawa tayari kuhamisha hata simu moja.

Sheria za nchi nazo hazifanani. Umoja wa Falme za Kiarabu hauruhusu huduma ya sauti kupitia intaneti ila kwa idhini ya mamlaka yake ya mawasiliano. India imekuwa ikikataza simu ya kimataifa kuingizwa kwa njia ya intaneti na kushushwa katika simu za kawaida za nchi bila ya kupitia kwa mwenye leseni. Ramani moja iliyochorwa makao makuu haiwezi kutumika kote. Kampuni zenye busara huanza na ofisi ndogo, zikaacha mtambo wa zamani na mpya vifanye kazi pamoja kwa muda, na hazihamishi idara ya fedha wakati wa kufunga hesabu. Wapokeaji simu wa swichibodi washirikishwe mapema, kwani wao ndio wanaojua ni simu ipi huenda kwa nani, elimu ambayo mara nyingi haikuandikwa popote.

Ieleweke pia kwamba mfumo mpya nao huzeeka. Microsoft ilifunga huduma ya Skype for Business ya mtandaoni tarehe 31 Julai 2021, na wateja waliokuwa bado wanaitumia wakalazimika kuhama tena. Kwa hiyo katika mkataba, jambo la kutazamwa kabla ya bei ni nambari za simu zitasajiliwa kwa jina la nani, na muuzaji atazikabidhi kwa muda gani pindi mkataba utakapomalizika.