Mashine Haijui Sonona Yako

Mwenye homa hutolewa damu, vijidudu vya malaria vikaonekana au visionekane. Mwenye sonona huulizwa maswali tu: usingizi, hamu ya kula, hamu ya kuishi, kwa wiki mbili zilizopita. Ndiyo maana kipimo cha mawimbi ya ubongo, EEG, kinavutia wengi. Elektrodi hubandikwa kichwani kwa jeli na mashine huchora umeme hafifu mno, unaohesabiwa kwa sehemu za milioni ya volti. Mtu akifumba macho akatulia, mawimbi ya alfa, 8 hadi 13 kwa sekunde, hujitokeza wazi. Akipepesa kope, mistari inaruka. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa Jena, Ujerumani, alichapisha michoro hiyo ya binadamu mwaka 1929 akiitafuta nishati ya akili. Kazi kubwa ambayo kipimo chake kilikuja kuipata ni kuchunguza kifafa.

Kwa sonona, dai lililovuma ni kwamba alfa huzidi upande wa kushoto wa paji la uso, dalili kuwa sehemu hiyo imepoa. Lakini uchambuzi wa mwaka 2017 uliojumlisha tafiti 16 haukuona tofauti ya kutegemewa kati ya wagonjwa na wazima. Si ajabu. Umri, usingizi na dawa vyote huyagusa mawimbi hayo, na wastani wa kundi haumwambii daktari lolote la hakika kuhusu huyu aliyeketi mbele yake. Tena kuna kikwazo kisichosemwa sana: watafiti humjua mwenye sonona kwa mahojiano yaleyale tunayoambiwa mashine itayapiku. Mwanafunzi anasahihishwa kwa majibu ya mwalimu, halafu anatangazwa kumzidi!

Watasema watu huficha, hasa wanaume, na ubongo haudanganyi. Kuficha kupo, nakubali. Ila mchoro hauelezi kama mtu kafiwa, kafukuzwa kazi au hajalala, na dawa ya kuficha ni kuulizwa na mtu anayeaminika, kwa faragha. Penye tumaini zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye kuchagua tiba. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na isiyomfaa mgonjwa humpotezea muda wote huo. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kompyuta, ikisoma EEG ya kabla ya tiba, inaweza kukisia nani atapata nafuu kwa sertralini, mojawapo ya dawa hizo. Kabla ya kuitegemea, makisio hayo sharti yapimwe kwa wagonjwa wapya, katika hospitali nyingine.